Kiti cha Pikipiki Mpya Kilimnyima Mama Mkwe Wangu Dawa

Nimekosa, na sitaki mtu anitafutie sababu. Mke wangu alijaribu kunitetea mbele ya ndugu zake nikamwambia anyamaze. Jina silitaji kwa ajili ya mama mkwe tu, maana yeye hawezi tena kujisemea.

Ninaishi Kibiti, kazi yangu kufunga sola vijijini. Leo niko Mbuchi, kesho Mtunda, kwa hiyo pikipiki kwangu si mapambo. Nilikuwa na moja kubwa ya safari ndefu, toleo la zamani, niliyoinunua mkononi kwa mtu. Kiti chake kilikuwa kipana, kimelala sawa toka mbele hadi nyuma, na kina chuma cha kushikia. Ubavuni nilichomelea kipande cha bomba cha kuwekea miguu. Bomba lile lilikuwa la mtu mmoja tu, mama mkwe.

Mama alikuwa anakaa Mtunda, na ana presha. Kila mwezi alitakiwa afike Utete apimwe na achukue dawa. Mtoto wa kiume hana, nampeleka mimi. Alikuwa anakaa upande, kama wanavyokaa wanawake wa rika lake, miguu juu ya bomba, na katikati yetu anaweka kikapu cha ukindu. Mara nyingine kikapu kilikuwa kitupu kabisa.

Nilijua kazi ya kile kikapu. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawagusani. Hata chakula ananiwekea mkekani, hanipi mkononi. Basi tunakwenda hivyo, tunazungumza habari za mpunga na nguruwe wanaofukua mashamba, kila mtu na heshima yake.

Kilichoniponza ni kijiwe. Vijana walikuwa hawaniachi na ile pikipiki. "Fundi, unawafungia watu mambo ya kisasa, mwenyewe umepanda makumbusho." Nilikuwa nacheka nao, lakini nikifika nyumbani roho inaniuma.

Nikaenda Dar nikaitoa ya zamani, nikaongeza pesa, nikarudi na toleo jipya. Jamani, sitasema uongo, ile pikipiki ni nzuri. Unabonyeza tu inawaka, dashibodi inang'aa kama simu, na kwenye mashimo inapita laini. Ila kiti kimekatwa mara mbili. Cha dereva kiko chini, cha abiria kimepandishwa juu, chembamba, kimeinamia mbele. Anayekaa pale lazima apanue miguu, na ukigusa breki kidogo anakujia mgongoni mzima mzima.

Hilo nililiona dukani, msidhani sikuliona. Nilikipapasa kile kiti na mama mkwe akanijia kichwani. Nikajiambia atazoea.

Siku ya kliniki nikamfuata Mtunda. Akaizunguka pikipiki, akasema, "Hongera baba, Mungu akupe heri nayo." Akajaribu kukaa upande, akateleza. Akajaribu tena. Nikamwambia, "Mama, hii wanakaa kiume." Akatazama chini. Alikivaa kikapu begani, akaikusanya kanga yake, akapanda kama nilivyomwambia.

Barabara mnaijua. Kila bonde likitupokea alikuwa ananiangukia mgongoni, anajisukuma nyuma, anaanguka tena. Mikono yake ilikuwa inalishika shati langu na kuliachia. Nilihisi yote hayo, nami nikaongeza mwendo ili tufike haraka. Tulipofika Utete alishuka akaniambia, "Ahsante baba, pole na safari. Wewe nenda tu, mimi nitalala kwa ndugu yangu hapa." Nikafurahi. Nilikuwa na hamu ya kupita kijiweni nikiwa peke yangu.

Mwezi uliofuata nikampigia. "Niache kwanza baba, siku hizi naona nafuu." Mwezi wa pili yake yakawa yaleyale, nafuu.

Mke wangu aliniambia, na alinong'ona kabisa. "Mume wangu, kile kiti mama kinamtaabisha. Mambo mengine mtu hawezi kumwambia mkwe wake." Angalieni nilivyojibu. Nikamwambia, "Kama mama yako anataka sofa, akapande basi. Huo ni wivu tu wa kitu kipya."

Mke wangu hakurudia tena.

Asubuhi moja simu ikatoka Mtunda. Mama ameanguka jikoni, mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kushoto havina habari. Alipelekwa hospitali kwa gari la kukodi. Daktari akauliza dawa za presha amezimeza mara ya mwisho lini.

Aliyejibu alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama, aliyetoka Mbuchi kuja kumuuguza. Alinitoa nje, tukasimama karibu na mahali nilipoegesha pikipiki.

"Dawa zilimwishia. Kwanza alikuwa anazikata nusu, halafu zikaisha kabisa," akasema.

"Sasa kwa nini asipande bodaboda, mama mdogo?"

"Akipanda bodaboda si watu watauliza mkwe wake ana nini? Mwenzio alikuwa anakustahi. Alisema bora augue kuliko kukaa vile tena na mume wa mwanawe, na bora augue kuliko kukutia aibu. Akaniapisha nisikwambie."

Nilitaka kumwambia sikujua. Lakini nilijua.

Sasa mama yuko kwangu. Kuongea hawezi, anatoa sauti tu, na anayeielewa ni mke wangu. Kliniki nampeleka kwa gari la kukodi. Ile pikipiki nimewaambia watu wanitafutie mteja. Ya zamani nayo nimeiulizia Dar, naambiwa ilishakatwa spea. Mke wangu ananipikia, ananisalimia, ananifulia, lakini hanitazami.

Wewe unayetaka kubadilisha pikipiki, badilisha, sikukatazi. Ila kabla hujatoa ile uliyonayo, mkalishe kwanza kwenye hiyo mpya yule unayembeba siku zote. Usimuulize, maana atakusifia na kukuombea heri. Mtazame anavyokaa. Na mkeo akikunong'oneza jambo la mama yake, shuka kwenye huo ukubwa wako umsikilize.

Mimi nimeshachelewa. Mama mdogo amerudi Mbuchi kwenye mpunga wake, na mke wangu peke yake hawezi kumnyanyua mama. Kwa hiyo kila asubuhi naingia chumbani, naomba radhi, napitisha mikono yangu chini ya mwili wake na kumbeba kifuani hadi bafuni aogeshwe, kisha namrudisha vilevile. Anafumba macho. Mkono wake wa kulia, uliobaki na nguvu kidogo, anaupenyeza kati ya kifua chake na changu, na njia nzima anasukuma.