Viraka vya Kupeleka Ulaya

Mama yangu alikuwa fundi cherehani Kariakoo, kwenye baraza la duka la vitenge, na hakuna kazi aliyoichukia kama kutia kiraka. Ukimletea suruali iliyochanika gotini alikuelekeza kwa fundi wa jirani. Kwa hiyo siku aliponiuliza ninafanya nini intaneti kafe kila jioni nikitoka kazini, nami nikamjibu bila kufikiri, "Natuma viraka Ulaya," alisimamisha cherehani.

"Binti niliyemsomesha kompyuta," alisema. "Viraka?"

Nilijaribu kumweleza. Nilikuwa nikihudumia kompyuta za duka la vyombo na mashuka la familia moja ya Kihindu, mtaa wa pili kutoka kwetu. Programu yao ya kuchapa risiti ilikuwa ya bure, kazi ya watu wa kujitolea waliotapakaa duniani, na ilikuwa na tabia ya kukata majina marefu. Mashuka ya kitandani yalitoka "mashuka ya kita", na hakukosekana mteja wa kurudi kuuliza kita ndiyo nini. Nikaichungulia ndani, nikaliona kosa, nikalirekebisha. Rekebisho dogo la namna hiyo ndilo linaloitwa kiraka. Ukitaka liingie kwenye programu ya watu wote, unamtumia mtunzaji wake kwa barua pepe, naye huyu alikuwa bwana mmoja wa Ulaya.

"Akishakipata anakivaa?" mama aliuliza.

"Havai, mama."

"Basi usimtumie tena."

Lakini aliyenitoa jasho hasa ni huyo bwana. Mara ya kwanza nilibandika rekebisho ndani ya barua kama mtu anayetuma salamu. Barua ikakunja mistari mirefu na kiraka kikafika kimevunjikavunjika. Mara ya pili nikaambatanisha faili. Akajibu kwa adabu kwamba hafungui viambatanisho, na kwamba nimechanganya mambo matatu: majina yanayokatwa, tarehe, na maneno ya Kiswahili. Kila jambo liwe na barua yake, kichwa chake, sababu yake, na jina langu chini. Halafu niondoe nafasi tupu zilizobaki mwishoni mwa mistari.

Nafasi tupu! Nilikodolea kioo macho nikitafuta kitu kisichoonekana, mpaka mwenye kafe akaja kuuliza, "Dada, hiyo kompyuta ina tatizo?"

Bwana yule alinishauri niitumie vizuri ile programu inayotunza historia ya kila badiliko, maana yenyewe inajua kutenganisha mabadiliko, kuyaandalia barua na kuzituma zikiwa nzima. Nikaanza upya, nikigawa kazi yangu vipande vitatu kama mtu anayetenganisha nyuzi zilizofungamana.

Wakati huo mama alikuwa ameshamwaga siri. Rafiki yake, mfanyabiashara wa kanga kutoka Lindi niliyemwita mama mdogo, aliipokea habari hiyo kwa namna nyingine kabisa. Biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa kwa kila mtu, na Kariakoo nzima ilikuwa ikileta mzigo kutoka Dubai au ikidai imekaribia kuleta. Kupeleka ndiko kulikokuwa bado hakujajaa watu. Jioni niliyokuwa tayari kutuma, aliingia kafe na mfuko wa rambo uliofutuka kwa mabaki ya kanga, akavuta kiti.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mzungu wako anapendelea rangi gani?"

Nilimwambia barua hizi zinabeba maandishi tu.

"Basi mwandikie. Mwambie za njano zipo, za bluu zipo, nyekundu zimebaki chache, awahi."

Foleni nyuma yetu ilikuwa imeanza kuguna. Kwenye barua za namna hii, chini ya vistari vitatu, kuna mahali pa kumwandikia mtunzaji neno ambalo halitaingia kwenye historia ya programu. Nikaandika pale rangi zote alizozitaja, ili tu ainuke. Barua tatu zikaondoka kwa mpangilio.

Kesho yake nilimkuta keshafika kafe kabla yangu. Majibu yalikuwepo, nikamsomea. Kiraka cha kwanza kimekubaliwa. Cha pili pia. Cha tatu kina nafasi tupu, nirudie. Na chini kabisa: mke wake anashona mablanketi ya vipande vya nguo, je, hizo za njano ni pamba tupu?

"Tupu!" mama mdogo alipiga kelele, kafe nzima ikageuka. "Mwambie tupu!"

"Mama mdogo, huyu hapendi tupu."

"Mbona ameuliza mwenyewe?"

Nilicheka, ingawa roho iliniuma: mabaki yake yalikuwa yamepita mara moja, na mimi narudishwa. Kifurushi tulikipeleka Posta pamoja. Mama ndiye aliyenyoosha vile vipande kwa pasi na kusawazisha kingo zake, huku akimkataza kila mtu kuviita viraka.

Changu cha tatu kilikubaliwa baadaye. Mama mdogo alinikuta kwenye ngazi za kafe nikiwa natabasamu peke yangu.

"Na vyako wamechukua?"

"Vyote vitatu."

"Wamekupa nini?"

"Wameandika jina langu kwenye programu."

Alinitazama kwa huruma, akanishika mkono. "Twende ukanywe chai, mwanangu," alisema.