Nilidhani kitabu ni kama sukari: duka langu la vitabu Tunduma

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yalinipata mimi mwenyewe na chumvi sijaongeza.

Niliporudi Tunduma kutoka Dar na diploma yangu ya biashara, watu walisema duka la vitabu mpakani halimalizi masika. "Watu hapa wanataka sukari na mafuta, wewe unawaletea karatasi."

Nikacheka. Sukari nilishauza. Ikikosekana ya kiwanda hiki, mteja unampa ya kiwanda kile, anaondoka. Kitabu nacho ni bidhaa, na darasani sikuwa wa mchezo.

Nikakopa capital kwa watu watatu, wa mwisho shangazi yangu wa Mbebe, kule milimani Ileje. Yeye ndiye aliyeniletea oda ya kwanza kubwa: vitabu arobaini vya nyimbo kwa kanisa lake.

Mchapishaji akanipigia. "Hicho kimeisha, mkuu. Lipo toleo jipya, nyimbo ni zilezile."

Nikasema leta.

Jumapili ile kulikuwa na ndoa. Mchungaji akatangaza wimbo namba 82. Wenye vitabu vya zamani wakaanza wa harusi, wenye vyangu wakaanza wa maziko. Bwana harusi akawahi kukaa chini.

Nyimbo zilikuwa zilezile kweli. Namba ndizo zilizohama.

Jumatatu vitabu vyote vikarudi dukani, na mtaji wangu wote ulikuwa humo. Shangazi akaniuliza taratibu, "Hivi baba, ulisoma miaka mingapi?"

Nikaazima kwake kitabu chake cha zamani. Wiki nzima niliandika namba za zamani kwa kalamu nyekundu juu ya kila wimbo, vitabu vyote arobaini. (Diploma inafundisha uvumilivu, msidharau.)

Kanisa likavipokea. Baadaye na makanisa ya jirani yakaagiza, tena yakasisitiza: vyenye namba nyekundu tu, visivyo nazo hapana.

Nikawalipa wawili wa kwanza. Kwa shangazi nikapeleka fedha yake kamili, na juu yake kitabu kipya cha zawadi.

Fedha akapokea. Kitabu akakifungua jalada, akanirudishia. "Hiki hakina majina ya wanangu. Changu kiko wapi?"

Kumbe humo ndimo alimoandika siku walizozaliwa. Nilikikuta dukani kwenye rundo la vitabu chakavu, vinavyosubiri muuza karanga aje kuvichukua vya kufungia.

Kesho yake nikapanda tena Mbebe nacho mkononi. Hiyo ndiyo siku ninayohesabu kuwa nimemlipa kila aliyenikopesha.

Wenzangu wa vitabu, mteja mkimpa mbadala, huwa mnamuuliza kwanza anaenda kukifanyia nini? Semeni, na wa kunicheka wapange foleni.