Nilimwambia Mzee Nimetumwa na Baba

Admin, jina langu lifiche, na kijiji chenyewe sikitaji, maana Ufipa tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na moja, nina mke na watoto, naishi Sumbawanga mjini. Nina gereji, ila magari ya kawaida siyashiki sana. Mimi nanunua magari ya kijeshi ya zamani, yale Land Rover na malori yaliyouzwa minadani yakaishia misheni na mashambani, nayafufua mpaka yanarudi barabarani. Mtaani wananiita kichaa wa vyuma. Hilo jina halijawahi kuniumiza. Kinachoniumiza ni haya ninayowaandikia.

Baba yangu mzazi, dereva mstaafu, ndiye aliyeniambukiza ugonjwa huu. Mwaka jana baada ya mavuno aliniambia, "Huko upande wa Matai kuna lori la zamani la jeshi, Bedford, limelala nyumbani kwa mzee mmoja. Wahi, watu wa chuma chakavu wasije wakalikata." Nikawasha Land Rover yangu ya kijani nikaenda.

Nililikuta chini ya paa la nyasi lililoezekwa vizuri kuliko nyumba za majirani. Limewekwa juu ya matofali, na chini yake pamefagiliwa. Mwenye nyumba akatoka, mzee mwembamba amevaa rozari shingoni. Nikampa shikamoo. Kabla sijasema shida yangu, aliitazama Land Rover, akanitazama mimi, akauliza, "Umetumwa na Baba?"

Nikajibu, "Ndiyo mzee, Baba ndiye amenituma." Na nilikuwa nasema kweli, si baba yangu ndiye aliyenituma? Mzee akakaa chini palepale kwenye vumbi akaanza kulia.

Alipotulia ndipo nikaelewa. Baba wake yeye alikuwa padri mzungu aliyekuwa na misheni huko zamani. Mzee alikuwa utingo wake kwenye lile lori. Siku giaboksi ilipokufa, padri alimwambia, "Kaa nalo, usimpe mtu mpaka nitume mtu." Kisha padri akaugua, akarudishwa kwao Ulaya. Mzee akakaa nalo. Ameoa akiwa nalo, amezika mke akiwa nalo. Wanunuzi wa chuma amewafukuza kwa fimbo. Wanawe wamemwita mjinga mpaka wamechoka.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, mzee, tumepishana, baba yangu mimi ni mtu mwingine kabisa. Nililitazama lori. Milango yote ipo, taa zipo, usukani haujapasuka. Anayefanya kazi hii anajua kitu kama kile hukipati tena. Nikanyamaza.

"Bado yu hai?" akauliza.

"Yupo. Anakusalimia."

"Alisemaje juu yangu?"

Ndugu zangu, hapa hakuna aliyenishikia kisu. Nilisema, "Amesema umefanya kazi njema." Akamwita binti yake mkubwa kutoka jikoni aje asikie, akaniomba nirudie. Nikarudia, tena kwa sauti ya upole kama mtu wa kanisani. Nilikuwa nimekwenda kununua, lakini alikataa hata kutajiwa bei, akasema mali ya Baba haiuzwi kwa Baba. Nilipokwenda na vijana wa gereji kulivuta lori, alinipa na debe la ulezi nimpelekee Baba. Ulezi huo tumekunywa uji nyumbani kwangu. Mke wangu aliusifu, nami nikamwambia nimezawadiwa na rafiki.

Lori limepona. Nimechomelea, nimenyoosha bodi, injini inaunguruma vizuri, na kuna mtu wa Arusha analitaka sana. Nilianza kujiambia kwamba bila mimi lingeozea pale, na mzee amepata furaha yake, nani ameumia? Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Wiki iliyopita binti yake alinipigia. Mzee ameomba misa ya shukrani kigangoni kwao Jumapili ijayo. Ametangaza kijiji kizima kwamba Baba alimkumbuka. Wanawe waliokuwa wakimcheka wamemwomba msamaha na wamechangia mbuzi. Wanataka nilete lori watu walione, nisimame mbele niseme salamu za Baba. Tena mzee anaomba nimpigie padri simu, amsikie sauti kidogo tu.

Nilikwenda kuulizia kwa wazee wa parokia. Yule padri alikufa zamani, amezikwa kwao. Mzee hakuna aliyemwambia. Rafiki yangu wa gereji akasema, "Mshikaji, si unatafuta tu mtu anaongea kama mzungu, dakika mbili yameisha?" Mungu anisamehe, sikukasirika. Nilianza kufikiria ni nani ninayemjua anayeweza kuiga.

Nikisema kweli, namuua padri wake na kumvua mzee heshima aliyoipata uzeeni, tena mbele ya wanawe. Nikinyamaza, nasimama mbele ya altare kudanganya kanisa zima. Nikilirudisha lori kimya kimya, atauliza Baba amekasirikia nini. Baba yangu nimeshindwa kumweleza, kila akiliona lori ananipongeza.

Jana binti kanipigia tena. Nilidhani ni habari za misa. Akasema, "Afadhali uje mapema, kaka. Tangu gari liondoke mzee haeleweki. Kila asubuhi anafagia pale lilipokuwa, halafu anakaa. Anasema wewe uliondoka haraka, hukumwambia Baba amesema afanye nini sasa."

Nilimjibu kwamba nitamuuliza Baba. Ndivyo nilivyojibu, kwa mdomo wangu huu, jana. Nitukaneni kwanza, nimestahili, lakini mkimaliza naombeni mnishauri, Jumapili nikimkuta yule mzee amekaa ananisubiri, namwambia nini?