Baraka Niliyoiosha kwa Sabuni

Kuna asubuhi moja ambayo haijanitoka, mwanangu, ingawa miaka mingi imepita. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza shule ya uuguzi, nafanya kazi katika zahanati moja hapa Bunia, na nilijiona najua kila kitu. Kwetu ni Boga. Mume wangu, Udaga, ni Mualur wa Mahagi, kabila jingine na langu. Tulioana kwa kupendana, lakini mama yake nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku ya harusi.

Mtoto wetu wa kwanza, Yosefu, alipofikisha wiki mbili, mama mkwe alikuja kumwona. Alisafiri juu ya lori siku mbili, mvua ikimnyeshea, akafika na kuku na unga wa muhogo. Tulimkaribisha, akala, akalala. Asubuhi akaomba maji katika kikombe. Nikadhani ana kiu. Akajaza kinywa, akainama, akampulizia mtoto yale maji kifuani na usoni, kisha akasema maneno ya Kialur taratibu.

Nilimnyakua mtoto. Nikamwosha kwa sabuni palepale mbele yake, kichwa mpaka miguu. Mama alikuwa akikohoa tangu afike, na shuleni tulifundishwa jinsi kikohozi kinavyomwingia mtoto mchanga. Hapo sikukosea. Lakini sikumwambia neno hata moja. Nilimgeuzia mgongo tu.

Alinitazama mpaka nikamaliza, halafu akafunga mzigo wake. Udaga alimsihi abaki. Akakataa, bila kunitaja kwa ubaya. Miezi minne ikapita bila salamu kutoka Mahagi. Udaga hakunigombeza. Aliacha tu kuzungumza habari za kwao.

Siku moja nikawasimulia wenzangu kazini, nikidhani watacheka. Wengine walicheka. Mama Leontina, muuguzi mzee kutoka Kpandroma, yeye aliyetufundisha kazi, alingoja watoke, ndipo akaniambia, "Kazi ya infirmière, ya muuguzi, ulifanya muzuri. Lakini ule mumama haikuwa mugonjwa wako, ni mama ya bwana yako. Ulishindwa hata kumuuliza anafanya nini?"

Juma lile nikaomba ruhusa, nikambeba mtoto, nikapanda lori.

Nilimkuta mama mkwe uani akichambua maharage. Hakuinuka. Nikapiga magoti, nikamwomba msamaha, kisha nikamweleza habari ya kikohozi na mapafu ya mtoto mdogo. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia juu ya ungo.

"Ungeniambia vile," akasema. "Mimi nilifikiri unakataa mutoto asikuwe wa kwetu." Akaweka ungo chini, akauliza, "Kwenu Boga, muzee anabariki mutoto namna gani?"

Tangu niolewe, hakuna mtu wa ukoo ule aliyewahi kuniuliza habari za kwetu. Nikamwambia kwamba baba yangu huweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, akaomba. Akanawa mikono, akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha Yosefu, akaomba kwa Kialur mpaka mtoto akasinzia. Mwaka uliofuata, kikohozi chake kilipokuwa kimepona, alimpulizia maji kama desturi yao ilivyo. Mimi ndiye niliyemshika mtoto.

Leo bibi ni mimi. Mke wa Yosefu anatoka Niania, wajukuu wananisemesha Kifaransa, na mengi wanayofanya siyaelewi. Nami inanipasa kuuliza, na kuuliza uzeeni si kazi nyepesi.

Basi nakuambia hivi, mwanangu. Mzee wa kabila jingine akikufanyia jambo likakushtua, muulize maana yake kabla mkono wako haujamjibu. Ukilazimika kukataa, kataa kwa mdomo, umekaa naye, na umpe sababu. Usidhani hataielewa kwa kuwa hakusoma. Na ukimuumiza, nenda mwenyewe mpaka mlangoni kwake. Usitume mtu, usimalizie katika simu.

Mungu akupe ulimi mpole na masikio ya kusikiliza. Akujalie wazee wa upande wako na wa upande wa pili, wote wakufurahie unapoingia uani kwao, na watoto wako wakue wakiyajua majina ya wazee hao.