Mto Ndio Uliohama

Watu wakiniuliza kwetu ni wapi, nikataja mji wetu, wengi hucheka. Wa Runyenjes hutuita watu wa bondeni. Wa Meru mjini hawajawahi kutusikia. Wacheke tu, meno ni yao. Kwetu kuna daraja moja, kinu kimoja cha kusaga mahindi, bucha mbili zinazochukiana, na kanisa ambalo mahubiri yake husikika kwenye bucha zote mbili bila kuzisaidia. Upande huu wa mto ni Embu, upande ule ni Meru. Siku ya soko akina mama huteremka kuosha nduma, ambazo wengine huziita magimbi, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa, na Kiembu na Kimeru vikapigana vikumbo pale juu ya mawe hadi mgeni adhani watu wanagombana. Hakuna ugomvi. Ni umbea tu.

Mama yangu alikuwa na kipande chake cha nduma ukingoni, upande wetu. Baba alipofariki, kipande hicho ndicho kilichotulea. Karo, sare, sukari, hata viatu vyangu vya kwanza vilitoka kwenye tope lile. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba mama aligombania matope.

Mwaka mmoja mvua ya Aprili ilikataa kuisha. Mto ukavunja kingo, ukajichimbia njia mpya nyuma ya shamba letu. Maji yalipopungua tulikuta nduma zipo, lakini sasa mto ulikuwa umepita kati yetu nazo. Shamba la mama lilikuwa limelala Embu likaamka Meru.

Haikupita wiki, jirani wa ng'ambo, mtu mwenye ng'ombe wengi na haya chache, akaja kupanda nyasi za nepia pembeni mwa nduma zetu. Alimpa mama pole kwanza, nakumbuka, kwa sauti ya matangani. Kisha akamweleza kwamba mpaka ni mto, na tangu babu zetu mpaka umekuwa mto.

Baraza likaitwa. Wazee wa pande zote mbili walikaa kwenye mabenchi nje ya kinu, wakamuuliza mama ana ushahidi gani. Mama akawaonyesha nduma zake. Wakatabasamu. Nduma ni zao la wanawake, wakasema, hata shamba la kuazima hupandwa nduma. Kinachoonyesha mwenye shamba ni kiazi kikuu, kile kinachopandwa na mwanamume, kikakwea mti na kukaa miaka. Vya baba vilikuwepo, kila mtu alijua, lakini vilisombwa na mafuriko pamoja na mti wake.

"Mto ndio uliohama, wazee wangu," mama akasema. "Mimi sijahama."

Walimsikia vizuri sana. Wakaamua wataliangalia jambo hilo baada ya mavuno, na hadi siku hiyo mtu yeyote asipande kitu kipya pale. Nyasi za jirani, kwa kuwa zilikwisha kupandwa, zikaachwa zikue! Nilikuwa msichana wa shule, na nilitamani kuzing'oa kwa meno.

Mama hakung'oa kitu. Alitafuta mbegu ya kiazi kikuu, akafunga leso kiunoni, akavuka maji mchana kweupe, akapanda. Mji mzima ulishika tama, na si kwa sababu ya amri ya wazee. Kwetu mwanamke hapandi kiazi kikuu. Akithubutu, wanasema, kitaoza ardhini. Akina mama wa kanisa walikuja kumwombea. Baba mdogo naye akaja, mpole kama nini, akajitolea kukifukua na kukipanda upya kwa mkono wake wa kiume, ili mila isivunjike. Mama alimpa chai, akamshukuru, akakataa. Alipoondoka aliniambia kwamba mkono ukipanda, mdomo hufuata kudai.

Kiazi hakikujua mila. Kilikwea kijiti chake, kikazidi kijiti, na mimi kila nikivuka kupalilia nilikisalimia kama mtu.

Siku ya baraza la pili, lililoahirishwa hadi mwaka uliofuata, tulikichimba asubuhi. Kilikuwa kinene kuliko paja langu. Mama alikikatakata, akakichemsha, akakifunika kwa majani ya mgomba ndani ya kiondo, akachukua na chai. Wazee walikuwa wamekaa muda mrefu wakibishania kesi ya mbuzi, na njaa ilikuwa imewakamata. Mama akawagawia wote, kama heshima inavyotaka, kabla ya maneno. Wakala. Mmoja alisifu kwamba ni unga mtupu, akauliza mbegu inapatikana wapi. Jirani yetu alichukua kipande, akarudi kuchukua cha pili. Mama alimchagulia kikubwa.

Mzee mkubwa akapangusa mikono, akafungua kesi. Akamuuliza mama kama safari hii ameleta ushahidi.

"Mmeshaula," mama akasema. "Nimeupanda kwa mikono yangu, pale ng'ambo. Kama shamba si langu, basi nimewalisha mali ya wizi, na tutafungwa pamoja."

Wazee walitazama maganda miguuni mwao, kisha wote wakamgeukia jirani yetu, ambaye bado alikuwa anatafuna. Alimeza kwa shida, akainuka, akaenda kung'oa nyasi zake.