Dramu za Marehemu Mezani kwa Fundi Redio

Mnisamehe, kisa hiki nitakiharibu, maana kinahitaji gitaa na mimi nimepewa kalamu.

Wiki hii, nikiwa nimesimama kando ya meza ya fundi redio pale Mtendeni, aliingia bibi mmoja wa Kitete na santuri aliyoifunga kwenye foronya.

“Shikamoo, bibi. Kaswida hiyo?” fundi akauliza.

“Marahaba. Kaswida gani, mjukuu wangu? Hiyo ni roki ya miaka ya sabini. Marehemu mume wangu ndiye anayepiga dramu. Mji mzima ulitaka rumba, hakuna aliyeinunua, na mimi nilikuwa wa kwanza kuziba masikio. Leo nataka nimsikie mpaka mwisho.”

Sindano ya gramafoni iliyokuwa mezani ikashuka. Jamani, gitaa liliunguruma mpaka fundi cherehani wa jirani akasimamisha mashine yake. Kisha zikaja dramu, nzito lakini zenye adabu, kama mvua inayobisha hodi kwenye bati kabla ya kumwagika. Bibi akainua kidole kimoja.

“Huyo,” akanong’ona.

Santuri ikaruka.

Fundi akaifuta, akaanza upya. Ilipofika kwenye dramu, ikaruka tena. Nikatangaza kwa sauti ya jukwaani kwamba sindano imekwisha.

Bibi akainama, akatazama chini ya meza, mguu wangu ulipokuwa ukitwanga ubao wa meza kwa raha.

“Mwanangu, hebu kasikilizie barabarani.”

Nikatoka. Santuri ikapiga mpaka mwisho, na bibi hakushusha kidole. Sindano ilikuwa ile ile. Kilichobadilishwa ni mahali niliposimama mimi.