Tiketi ya Bi Zamda

Pale Ng'ambo, mjini Tabora, ukitaka kumtania mtu asikasirike, mtanie Tunu kwa kopo lake la biskuti. Biskuti zenyewe zilikwisha zamani, enzi mwanawe wa kwanza anaota meno. Sasa mna risiti tupu: ya cherehani, ya umeme, ya vitambaa vya sare za shule anazoshona, hata ya mwavuli ulioibwa wiki ileile ulionunuliwa. Mumewe Selemani, fundi baiskeli na bingwa wa maneno, husema siku ya kiama Tunu akiulizwa matendo yake atatoa kopo.

Kwa hiyo Ghalibu, kijana mwenye ofisi ya tiketi karibu na soko, alipomwambia, "Dada Tunu, kuna na bima ya safari, mkipata tatizo njiani mnarudishiwa," hakumaliza hata sentensi. Tunu alishakubali. Selemani akaguna. Kwake yeye kukata bima ni kujiombea mabaya. Tunu akamjibu kwamba kununua mwavuli nako si kuiombea mvua.

Safari ilikuwa ya Ujiji, likizo ya Aprili, watu watano: Tunu, Selemani, watoto wawili na Bi Zamda, mama yake Tunu. Watoto walitaka ziwa. Lakini Tunu hakujinyima miaka miwili kwa ajili ya ziwa. Bi Zamda alizaliwa Ujiji, akaolewa Tabora, na ndugu yake pekee aliyebaki, dada yake Mwanamkuu, alikuwa kule. Miaka kumi na tisa hawajaonana uso kwa uso. Kwenye simu walikuwa wakipiga kelele kama wamesimama kila mmoja ng'ambo yake ya mto, kisha wanalia, kisha salio linakwisha. Sasa Mwanamkuu hainuki kitandani bila kushikwa. Mara ya mwisho alisema maneno machache tu: "Njoo, lakini usichelewe."

Ghalibu aliandika tiketi moja ya familia, karatasi kubwa yenye muhuri, na kwa heshima akaanza na mkubwa: Zamda Uwesu na wenzake wanne. Bi Zamda alisomewa jina lake mara tatu. Tangu azaliwe hajawahi kuandikiwa safari. Akaiomba aishike mwenyewe, akaikunja na kuifunga kwenye pindo la kanga. Tunu hakupenda karatasi ikae nje ya kopo, lakini utamnyang'anyaje mama yako furaha yake? Akamwachia.

Basi waliondoka Jumanne alfajiri, wakapita Urambo, wakapita Kaliua, na mvua nayo ikiwafuata. Mbele kidogo basi likasimama. Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji, limebaki shimo na watu wa kulitazama. Bi Zamda alichungulia dirishani akasema babu yake, mpagazi, alipita njia hii hii kwa miguu na mzigo wa matajiri kichwani, na leo yeye aliyekaa kwenye kiti cha sponji ndiye anakwama.

Abiria wakatawanyika kijijini kutafuta pa kulala. Akina Tunu walipokelewa na Adelina, mwanamke mjamzito ambaye mumewe Ambrosi alikwamia upande wa pili wa mto, na upande huohuo ndiko ilikokuwa zahanati. Aliwapa chumba na ugali na maziwa ya mgando, na Tunu alipotaja kulipa akaona uso wa mwenyeji unabadilika, akaliacha neno hilo hapohapo.

Jumatano asubuhi uchungu ukamshika Adelina. Hakuna daraja, hakuna nesi. Bi Zamda akaomba maji ya moto na wembe mpya, akapandisha mikono ya gauni. Huyu mama alikuwa mkunga. Nusu ya Ng'ambo imepita mikononi mwake, na Selemani mwenyewe ni mmoja wao, jambo ambalo hapendi likumbushwe. Kabla ya adhuhuri mtoto wa kike alilia. Kesho yake dereva akatangaza daraja halipitiki wiki hii, basi linageuza. Watu wakarudi Tabora. Watoto walinuna njia nzima. Bi Zamda alikuwa akigeuka kutazama nyuma, upande wa Ujiji, na hilo ndilo lililomuuma Tunu kuliko yote.

Lakini Tunu alikuwa na bima. Alifika kwa Ghalibu kabla hajafua nguo za safari. Ghalibu akampigia mtu wa Dar es Salaam, akarudi na masharti: tiketi halisi, si picha, ushahidi wenye muhuri kwamba siku zile mbili kweli walikuwa wamekwama kule, na vyote vifike ndani ya siku kumi na nne tangu siku ya safari, yaani mwisho ni Jumanne ya wiki ya pili.

"Hilo dogo," Tunu akasema. Akaenda kumwomba mama tiketi.

Bi Zamda akasema ataitafuta. Kesho yake anaitafuta. Keshokutwa kichwa kinamuuma. Ikafika Jumapili ya pili, Tunu ameshapekua magodoro, ameshakung'uta kanga zote, ameshamshuku hadi mbuzi wa jirani. Saa kumi jioni Bi Zamda akamwita chumbani, akafunga mlango.

"Ile karatasi nilifungia pesa ya mtoto," akasema.

Tunu akakaa chini. Alielewa palepale. Mtoto mchanga hapewi pesa iko wazi mbele ya macho ya watu. Inakunjwa kwenye kitu, inawekwa kimyakimya chini ya mto wake. Mama yake alikuwa anaaga, macho yenyewe hayaoni vizuri, akafungua pindo na kukunja kwa karatasi aliyoipata.

"Kwa nini hukusema, mama? Namba ya Adelina ninayo."

"Umpigie umwambie nini? Kwamba mgeni uliyemlaza bure anadai alichompa mwanao? Thubutu. Ningekufa kwa aibu kabla Mwanamkuu hajafa."

Tunu aliona hasira inapanda, kisha akaona mama yake anapangusa macho kwa kanga ileile, hasira ikashuka. Zikabaki siku mbili. "Basi tunakwenda kumwona mtoto," akasema. "Kumwona mtoto si aibu."

Jumatatu alfajiri walikuwa ndani ya basi, wamebeba sabuni, sukari na kigauni ambacho Tunu alikishona usiku ule bila hata kupima. Basi lingegeuza hapo kijijini na kurudi saa nane, na baada ya hilo hakuna jingine mpaka kesho. Na mama alishamwekea sharti: asiitaje karatasi.

Adelina aliwapokea kwa vigelegele. Wakapewa chai. Wakapewa mihogo. Saa tano. Tunu alimbeba mtoto, akamsifia pua, akamsifia vidole, huku macho yake yanapekua kuta na uvungu wa kitanda. Saa sita Adelina akachinja kuku. Ukiona kuku amechinjwa, ujue huondoki upesi. Saa saba kasoro Tunu alikuwa anatafuna bila kuonja.

Ndipo Adelina akajifuta mikono akasema, "Bibi, sijakuonyesha. Ngoja." Akaingia ndani akatoka na kadi ya kliniki ya mtoto. "Maji yalipopungua Ambrosi alivuka, akatuvusha kwa mtumbwi mpaka zahanati. Nesi akauliza jina. Nilitaka jina lako, bibi, lakini nilijua Bibi tu. Ile karatasi yako ndiyo iliyotuokoa, ina jina kamili. Tukamwandika Zamda." Akafungua kadi, na ndani yake, imenyooshwa vizuri, imekaa tiketi.

Tunu aliipokea kadi. Akaisoma. Alizaliwa nyumbani, tarehe ileile ya Jumatano, jina la kijiji, daraja halipitiki; aliyemzalisha, Zamda Uwesu, msafiri wa Tabora. Na chini, wa bluu, umekolea, muhuri wa zahanati. Alitaka kucheka, alitaka kulia, alitaka kumbusu huyo nesi asiyemjua. Ushahidi aliokuwa anauwaza usiku kucha ulikuwa unanyonya mbele yake.

"Hii nitamtunzia," Adelina akasema, akigusa tiketi. "Akikua ajue jina lake limetoka wapi."

Tunu akamtazama mama yake. Wewe ungemwambiaje? Saa ilikuwa inakwenda. Mwishowe ni Bi Zamda mwenyewe aliyelivunja sharti lake. Alieleza yote, Ujiji, Mwanamkuu, bima, siku kumi na nne, akiwa ameinamisha kichwa kama binti anayekiri kosa. Adelina alisikiliza mpaka mwisho.

"Bibi," akasema, "umenizalisha, halafu unaogopa kuniomba karatasi?" Akampa tiketi, akashika kadi wakati Tunu anaipiga picha, kisha akaghairi. "Chukua na kadi. Wakiiangalia urudishe mwenyewe kwa mkono wako."

Basi la saa nane walilikimbilia. Bi Zamda, na magoti yake yote yale, alikimbia.

Jumanne saa tatu asubuhi Ghalibu alipokea bahasha. Alisoma kadi, akanyanyua kichwa akamtazama Bi Zamda. "Shikamoo bibi," akasema, ingawa alikwisha kumwamkia alipoingia. Wiki tatu baadaye ujumbe wa simu kwamba pesa ya bima imeingia ulimkuta Tunu kwenye cherehani, akashona mkono wa shati mahali pa kola. Selemani alizunguka mtaa mzima akieleza jinsi alivyomshauri mkewe akate bima.

Ghalibu alipoandika tiketi mpya aliuliza, wasafiri wangapi?

"Sita," Bi Zamda akasema, "na somo yangu wa kupakatwa."

Daraja lilikuwa limeshatengenezwa. Kijijini basi lilisimama, Tunu akarudisha kadi kwa mkono wake, na Adelina akapanda na mtoto, amevaa kile kigauni, ambacho kilikuwa kikubwa mno. Jioni walikuwa Ujiji. Mwanamkuu aliketishwa kitandani, akaegemezwa mito. Dada wawili walishikana mikono wakalia, na safari hii hapakuwa na salio la kukwisha. Kisha Bi Zamda akamchukua mtoto akamweka mapajani mwa dada yake.

Mwanamkuu akampapasa kichwa. "Huyu ni nani?"

"Huyu ndiye aliyenichelewesha," Bi Zamda akasema.